Mfundishe Aniite Mama

Nianze na ukweli, maana uwongo nimeshausema wa kutosha: mdogo wangu Benedikta nilimwonea wivu tangu tukiwa tunalala ngozi moja. Yeye alisoma mpaka akawa nesi, mimi darasa la saba likaishia palepale. Yeye akaolewa na Januarius, bwana mifugo mwenye pikipiki ya serikali. Mimi nikaolewa na Ngeleja, mtu mwema, Mungu amlaze pema, lakini hakuwahi kunipeleka mbali zaidi ya Maswa. Alipofariki aliniachia vijana wawili na cherehani. Vijana wakaenda Kimali kwa baba yao mdogo kuchunga ng'ombe, nami nikarudi kwa wazazi wangu hapa Dutwa, cherehani nikaiweka kwenye baraza la duka, nikawa fundi Ng'washi. Sare za shule, magauni ya kipaimara, mashati ya wazee wa kanisa, vyote vilipita mkononi mwangu.

Halafu zikaja enzi za ruksa. Kila kitu ruksa! Marobota ya mitumba yakaanza kumwagwa gulioni, watu wanainama kuchagua tangu asubuhi. Mtu anaokota gauni la Ulaya lenye kola ya lesi, anakuja nalo kwangu nimpunguzie kiuno tu. Kiuno! Mimi niliyekuwa nashonea harusi nzima nikabaki mtu wa kupunguza viuno vya nguo za watu nisiowajua.

Sasa katikati ya hali hiyo, mwaka tisini na tatu, nasikia Januarius amepata nafasi ya kwenda kusoma Denmaki. Kusoma nini? Ng'ombe! Jamani, Msukuma mzima aliyezaliwa ubavuni mwa zizi anapandishwa ndege kwenda kufundishwa ng'ombe. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kisha nikaambiwa anakwenda na mke na watoto, nikaacha kucheka.

Kwenye watoto ndipo palipokuwa na tatizo. Wafadhili walikubali watoto wawili, na wao walikuwa nao watatu: Thomasi wa miaka tisa, Gloria wa miaka sita, na Scola wa miaka miwili, ametoka kuachishwa ziwa. Jumapili moja Benedikta akaja nyumbani, akapiga magoti mbele yangu kama vile mimi ni mkwe wake.

"Dada, nakuomba. Ni miaka miwili na nusu tu. Nikisema ninaye wa kumwachia zaidi yako, nitakuwa nimedanganya."

Nikajifanya nafikiri. Nikatazama juu, nikahesabu mabati. Lakini mtoto alikuwa ameshakaa mapajani mwangu anachezea utepe wa kupimia nguo, na mimi nilizaa wavulana watupu. Nikasema, "Haya, mwache." Nilisema kwa sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo.

Walipoondoka Scola alilia siku mbili. Siku ya tatu akala ugali na maziwa mgando, akalala. Wiki haijaisha ananifuata nyuma akiniita "mayu". Naapa hilo sikumfundisha. Alinisikia mimi nikimwita hivyo mama yetu, bi Ndaki, akalichukua akanipa mimi. Mayu ni neno letu la Kisukuma, ndilo unalomwita aliyekuzaa. Nani angekataa?

Kisha zikaanza kuja barua, na ndani ya barua, picha.

Januarius alinunua kamera, nayo ilining'inia shingoni mwake kama kengele ya ng'ombe. Kila mahali walipokanyaga alipiga picha. Kondakta wa basi la Bariadi alikuwa ananiletea bahasha huku anapiga kelele tangu kituoni, "Fundi, Ulaya imefika!" na watu wote pale dukani wanasogea. Basi niwafungulie, niwasomee, nicheke nao, na moyoni roho inaniuma kama nimemeza kitufe.

Picha ya kwanza wote wanne wamesimama nje ya nyumba, na chini kote ni kweupe. Niliipeleka nyumbani nikamwonyesha mama. Mama hajui kusoma na Kiswahili hakitaki, lakini pamba anaijua. Akaisogeza machoni.

"Nani amemwaga pamba yote hii?"

"Si pamba, mayu. Ni theluji. Ni barafu inayoanguka kutoka juu."

"Ng'washi, usinifanye mtoto. Hii ni pamba." Akaweka kidole pale walipokanyaga kwa viatu. "Na wameshaichafua. Hapa imeshakuwa fifi, daraja la pili. Enzi za chama cha ushirika wangerudishwa nayo nyumbani wakaichambue upya. Lakini hawa wanunuzi binafsi wa siku hizi wanazoa tu."

Picha ya pili ilikuwa ya Gloria na bibi mmoja wa Kizungu, wamepiga magoti wote wawili ndani ya basi. Benedikta alieleza kwenye barua. Gloria alipanda basi, akamwona bibi kizee amekaa, akafanya alivyofundishwa kwetu: akapiga magoti amsalimie. Yule bibi akadhani mtoto ameangusha kitu. Naye akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, akaanza kumsaidia kutafuta chini ya viti. Gloria akaona mkubwa amepiga magoti, akaogopa, akainama zaidi. Bibi naye akainama zaidi. Basi zima likaanza kutafuta, dereva akasimamisha gari akauliza kilichopotea ni nini, na Januarius, msomi wetu, badala ya kueleza, anapiga picha.

Pale dukani watu walicheka mpaka mwenye duka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa nawaza, mbona mimi hakuna mtu aliyewahi kunisimamishia basi?

Ya tatu ndiyo ya Thomasi na polisi. Januarius alikwenda kujifunza kwa mfugaji mmoja mwenye ng'ombe mia mbili, akamchukua mwanawe. Thomasi akawakuta ng'ombe wamesimama nyuma ya waya, hawana mchungaji, wanamtazama tu. Moyo wa Kisukuma ukamruka. Akajua wamesahauliwa, wana njaa. Baba yake na yule Mzungu wakiwa ndani wanaandika mambo yao, yeye akafungua geti, akavunja fimbo, akapiga mluzi, akawapeleka malishoni. Malisho yenyewe yalikuwa barabara ya lami. Magari yakapanga foleni kama kilomita nzima. Picha inamwonyesha Thomasi mbele na fimbo begani, ng'ombe weusi kwa weupe nyuma yake wamejipanga vizuri, na polisi pembeni ameshika kofia yake mkononi hajui aanze wapi. Yule mfugaji, kwa mujibu wa barua, alisema hajawahi kuona ng'ombe wake wakimtii mtu hivyo.

Baba yetu, mzee Mayige, aliichukua picha hiyo akatembea nayo mfukoni mpaka ikachakaa kona.

Basi mimi nikawa mtu wa picha. Mchana nazionyesha, jioni nazitazama peke yangu, nikitafuta kasoro. Nikaona Gloria amevaa gauni la kijani lenye kola ya lesi na mikunjo midogo kifuani. Nikasema, hivi hawa wa kwetu ndio hawastahili? Nikatafuta kitambaa, nikakaa siku tatu nashona gauni lile kwa kuangalia picha tu, mkunjo kwa mkunjo. Nikamvalisha Scola nikampeleka kanisani. Watu wakasema, "Mama yake kamtumia kutoka Ulaya." Sikuwajibu. Hata jasho langu lilikuwa limeshakuwa la Benedikta.

Nadhani hapo ndipo shetani alipoingia, kwa sababu barua iliyofuata ilikuwa na mstari huu: "Dada, mfundishe Scola aniite mama. Kila siku mwonyeshe picha yangu, umwambie huyu ni mama."

Sasa mtu wa pwani akisoma hapo haoni kitu. Lakini sisi nyumbani tunazungumza Kisukuma, na kwa Kisukuma "mama" si aliyekuzaa. Mama ni bibi. Aliyekuzaa ni mayu, aliyemzaa aliyekuzaa ndiye mama. Benedikta na Januarius, wasomi hao, walikuwa wanaongea Kiswahili na watoto wao, kwa hiyo Thomasi na Gloria walisema mama kama wanavyosema redioni. Scola yeye alijua Kisukuma tu. Na mama aliyemjua ni bi Ndaki, mzee mwenye mvi, ambaye walikuwa wanataniana kutwa kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu. Walikuwa wanaitana wake wenza, wanagombea nani ni mke halali wa mzee Mayige.

Yote hayo niliyajua. Benedikta alipoandika hakuyafikiria, alikuwa ameshazoea. Ningeweza kumwambia mtoto, huyu ndiye mayu wako. Badala yake nikafuata barua neno kwa neno. Nikachukua picha, nikamwambia kwa Kisukuma, "Scola, huyu ni mama."

"Mama mwingine?"

"Mama mwingine. Yuko Ulaya."

Akaikagua. Ilikuwa picha aliyopigwa Benedikta peke yake theluji ikianguka, imemjaa kichwani. Scola akatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. "Ana mvi," akasema.

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza na nikaona utamu.

Mama yetu alinisikia. "Ng'washi, unamzeesha mwenzako?"

"Kaandika mwenyewe, mayu. Nikusomee?"

"Karatasi unasoma wewe. Mtoto ananitazama mimi." Akaendelea kuchambua mchele wake, hakusema tena.

Mwaka tisini na sita wakarudi. Walishuka basi la Mwanza saa tisa alasiri, masanduku manane, na Thomasi amekuwa mrefu, Gloria anaongea kupitia puani. Benedikta alikuwa amenenepa, amesuka nywele nyeusi zinazong'aa. Watu walijaa uani. Nilikuwa nimemvalisha Scola lile gauni la kijani, nikamsukuma mbele.

Akapiga magoti vizuri, miaka minne na nusu, adabu tupu. "Mwadila, mama." Ndivyo tunavyosalimiana alasiri hadi jioni.

Benedikta akaanguka chini naye, akamkumbatia, akalia kwa sauti. "Ananijua! Jamani ananijua! Dada, wabeja. Mungu akulipe."

Mtoto akajitoa taratibu, akamshika nywele, akazikagua.

"Mvi zako umezipeleka wapi?"

Watu wakacheka. Benedikta akacheka huku anajifuta machozi. "Mvi gani, mwanangu?"

Scola akasimama, akaweka mikono kiunoni kama anavyomfanyia bi Ndaki. "Ahaa! Umepaka dawa ili umpate Mayige! Humpati, mke mwenzangu. Mayige ni mume wangu. Rudi Ulaya kwako!"

Ua zima likaanguka kwa kicheko. Januarius akavua miwani. Mzee Mayige akapiga fimbo chini, "Wanawake msigombane, natosha!" Kicheko kikapanda tena. Kisha nikaona kinakatika kwa Benedikta peke yake, wengine bado wanacheka. Akanitazama. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshakimbia kunishika sketi, "Mayu, yule mama ni mkorofi?"

"Anadhani mimi ni nani?" Benedikta akauliza kwa Kiswahili, taratibu.

Bi Ndaki, asiyetaka Kiswahili, alikielewa hicho. Akajibu kwa Kisukuma, "Anadhani wewe ni mimi."

"Uliandika mwenyewe," nikasema. "Nimfundishe akuite mama. Nimemfundisha."

Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Kesho yake akafungua albamu, watoto wakasimulia mambo yao, ngazi zinazopanda zenyewe, na jinsi Januarius alivyozishikilia kwa mikono miwili mpaka mlinzi akamsaidia kushuka. Watu walipotawanyika tukabaki wawili. Akanisogezea albamu.

"Picha zaidi ya mia mbili, dada. Nionyeshe moja aliyomo Scola."

Nikafunua karatasi mbili tatu, nikamrudishia.

"Aliugua?"

"Surua. Mwezi wa tatu mwaka jana. Tulikaa hospitali Bariadi siku sita."

Akafungua karatasi mpaka kwenye picha ya Gloria ana kofia ya karatasi, mbele yake keki yenye mishumaa. Nyuma imeandikwa mwezi wa tatu, mwaka huohuo. Akaiangalia muda mrefu.

"Siku hiyo nilikuwa napuliza mapulizo," akasema. "Mnayaitaje, maputo. Nilipuliza maputo ishirini." Kisha akasema, "Nakuonea wivu, Ng'washi. Sijawahi kumwonea mtu wivu hivi."

Nyie! Neno hilo nililisubiri maisha yangu yote. Nilikuwa nimelipangia na jibu. Likaja, nikalikuta halina chumvi.

Tatizo kubwa lilikuwa bado mbele. Januarius alikuwa amepangiwa kazi Tanga, wanaondoka baada ya wiki mbili. Scola akasema haendi. Alikuwa tayari kutaniana na mama wa Ulaya kutwa nzima, lakini jua likizama anabeba shuka lake anakuja kwangu. Wakimwambia huyo ndiye mayu wake anadhani ni utani, na wakimbembeleza anasema, "Mjukuu haendi kukaa kwa bibi mbali hivyo. Nani atamshikia mayu sindano?" Benedikta akajaribu peremende, akajaribu mdoli, akajaribu kulia. Siku nne kabla ya safari akaja barazani kwangu, akasimama karibu na cherehani.

"Nimeongea na Januarius. Nikimpandisha basi kwa nguvu nitakuwa nimemwiba. Asipotaka mpaka Ijumaa, abaki kwako."

Yaani nikae kimya siku nne tu, mtoto ni wangu. Kukaa kimya nakujua. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo mwaka mzima na zaidi.

Alipokuwa anageuka aondoke, akaona gauni la kijani kwenye kamba, nimelifua. Akalishika. Akageuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. "Hili si la mtumba. Ni kama la Gloria. Umelitoa wapi?"

"Nimelishona."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa picha."

Akahesabu mikunjo ya kifuani kwa kidole, mmoja mmoja. Ilikuwa kumi na miwili, sawasawa na ile ya Denmaki. "Kumbe ulikuwa unaziangalia," akasema. "Nilidhani unazitupa. Hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja kuhusu picha."

Akalirudisha kwenye kamba, akalinyoosha vizuri, akaenda. Nikajaribu kuendelea na kazi. Nikashona zipu ya watu nje ndani. Nikaifumua, nikaishona tena nje ndani.

Nikaacha. Nikaenda nyumbani, nikamkuta Scola anamsaidia bi Ndaki kupepeta, na Benedikta amekaa kwenye kigoda pembeni, mikono mitupu. Nikamwita mtoto, nikampakata.

"Scola, nilikukosea. Yule si mama. Yule ndiye mayu wako."

"Mayu ni wewe."

"Mimi nilikulea. Yeye ndiye aliyekuzaa, kwenye tumbo lile pale."

Akageuka kulitazama tumbo la Benedikta. "Na mvi?"

"Haikuwa mvi. Ilikuwa barafu."

"Pamba," akasema bi Ndaki bila kuinua kichwa.

Scola akafikiri. Alikuwa anafikiri kwa kushika sikio langu, sijui kwa nini. Nilitamani sikio lile lisiachiwe. "Sasa wewe nikuite nani?"

Nilikuwa sijalipanga jibu. Ningesema mama mkubwa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini roho yangu, hata inapotubu, haitubu yote.

"Niite mama," nikasema.

Akanitazama, macho yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Akanifinya shavu kwa nguvu. "Basi na wewe ni mke mwenzangu! Na Mayige humpati!" Akaruka chini, akakimbia kumwambia babu yake kwamba wake wameongezeka. Bi Ndaki akacheka mpaka akamwaga mchele. Mimi nilicheka, na machozi yalikuwa yananitoka, na Benedikta alinishika mkono.

Ijumaa Scola alikwenda. Alilia mpaka basi likapotea, na alikuwa analia jina langu jipya. Kabla hawajapanda, Januarius alisema kwenye kamera imebaki picha moja. Akatusimamisha mimi na Scola mbele ya cherehani, mimi na utepe shingoni, yeye na gauni la kijani.

Picha ikaja kwa posta baada ya miezi miwili. Kondakta alipiga kelele ileile, "Fundi, Tanga imefika!" Ni mwandiko wa Benedikta nyuma, kwa kalamu ya bluu: "Scola na mama, Dutwa, 1996."

Hakuandika ni mama kwa lugha gani. Nimeibandika juu ya cherehani, na wateja wakiuliza yule mtoto ni nani yangu, nawasomea kilichoandikwa.